Ubao wa kujaza upepo: lipia kwanza kisichobadilishika

Mhariri, swali la wiki hii liliuliza: mtu anayetaka kuanza kupiga kafi akiwa amesimama juu ya ubao, na mfuko wake haujanona, achague vipi ubao wa kujaza upepo asije akaujutia? Wengi watajibu kwa kutaja chapa. Mimi sitaji hata moja, maana majina hubadilika kila msimu, na mbao mbili za majina tofauti zinaweza kuwa zimetoka kiwanda kimoja. Kinachosaidia ni kukigawa kifurushi mafungu mawili. Kafi, pampu, kamba ya mguuni na mkoba utaweza kuvibadilisha baadaye, kimoja kimoja, pesa ikipatikana. Unene, upana, maungio ya kando, vali na tundu la pezi (kile kibapa cha chini kinachonyoosha mwendo) utabaki navyo mpaka ubao ufe. Hela kidogo uliyonayo iende kwenye fungu hili la pili.

Katika fungu hilo, unene ndio wa kwanza. Mbao huuzwa zikiwa na sentimita 10, 12 au 15, na wauzaji wengi huandika inchi 4, 4.7 na 6. Mtu mzima achukue 15. Ndani ya ubao mna maelfu ya nyuzi zilizofunga kitambaa cha juu na cha chini visiachane. Ndiyo sababu haufuri kama puto, unabaki bapa. Ugumu wake unategemea umbali kati ya vitambaa hivyo viwili, na presha iliyomo. Kwa kuwa ugumu hukua kwa mraba wa unene, ubao wa sentimita 15 hustahimili kupinda zaidi ya mara mbili ya ule wa 10, vingine vyote vikiwa sawa.

Mtazame mtu wa kilo 80 akiwa juu ya ubao wa sentimita 10. Pale aliposimama panadidimia, omo na tezi, yaani ncha ya mbele na ya nyuma, zinainuka kama ncha za ndizi, maji yanapanda mpaka kwenye sponji ya miguuni, na kila akipiga kafi ubao unanesa. Anayeanza huamini kwamba miguu yake ndiyo inayotetemeka. Ubao huo unamfaa mtoto, au mtu mwepesi wa kilo 50 hivi, basi.

Unene bila presha ni bure. Karibu na vali pameandikwa kiwango kinachotakiwa, na mara nyingi ni kati ya psi 12 na 15, yaani karibu bar 0.8 hadi 1 (psi na bar zote ni vipimo vya presha). Hapa ndipo wengi hukosea. Pampu ya mkono inayokuja na kifurushi huwa na kipimo ambacho sindano yake haisogei kabisa mwanzoni. Mtu anadhani kimekufa. Hakijafa. Ubao bado haujajaa, kwa hiyo hakuna presha ya kupima. Endelea. Ukifika psi 7 au 8, mpini unakuwa mzito ghafla. Kama pampu ni ya njia mbili, inayosukuma hewa ukishuka na ukipanda, chomoa kile kizibo kidogo au zungusha swichi ibaki ya njia moja, kisha nyoosha mikono na uache uzito wa mwili ushuke nao. Kwa jumla ni kazi ya dakika 10 hivi. Wengi huchoka wakiwa psi 9, huingia majini, kisha hulalamika kwamba ubao ni wa ovyo. Kwangu mimi, ubao wa kawaida wenye psi 15 ni bora kuliko ubao wa fahari wenye 8.

Ukinunua pampu ya umeme baadaye, ile ya volti 12 inayochomekwa kwenye gari, hakikisha inafika psi 15 na inajizima yenyewe. Pampu ya godoro haifiki popote. Ya tairi inafika, ila hewa inayotoa ni kidogo mno: ubao wa lita 290 ukiwa na bar 1 umebeba hewa ya kawaida karibu lita 580, na kipampu hicho kitaungua kabla hujaanza kustarehe.

Kuhusu kitambaa chenyewe, kuna ubao wa tabaka moja la PVC, aina ya plastiki, kuna wa matabaka mawili yaliyobandikwa kwa gundi, na kuna wa matabaka mawili yaliyoshindiliwa pamoja kiwandani kwa mashine. Wa tabaka moja ni mwepesi, kilo 7 au 8, na bei yake iko chini, lakini hunyumbuka zaidi na hutobolewa kirahisi na jiwe lenye ncha. Wa gundi ni mgumu lakini mzito, na gundi ikipakwa vibaya hutokea malengelenge. Ule wa mashine ndio wa kutafuta pesa ikiruhusu. Ila usidanganywe na hesabu ya matabaka ukasahau kando. Upepo huvuja zaidi kwenye maungio na kwenye vali kuliko katikati ya ubao. Pitisha kidole kwenye utepe wa kando kuanzia omo hadi tezi: usiwe na ncha iliyobanduka wala mkunjo unaopitisha ukucha. Utepe wa mikanda miwili ni bora kuliko wa mmoja, na maungio yaliyochomwa kwa joto hayategemei gundi, hivyo hayaogopi sana jua.

Vipimo vinavyomfaa anayeanza havina siri: urefu wa sentimita 320 hivi (futi 10 na inchi 6), upana kati ya 81 na 84, unene 15. Chini ya mita 3 ubao huzungukazunguka kila ukipiga kafi. Ukizidi sentimita 86 za upana unapata utulivu, lakini mtu mfupi hayafikii maji sawasawa. Kafi linaingia kwa mshazari na ubao unakwenda kombokombo.

Unaweza pia kumkagua muuzaji kwa hesabu ndogo. Zidisha 320 kwa 81 kwa 15 na ugawanye kwa 1,000: unapata karibu lita 389. Hiyo ingekuwa sawa kama ubao ungekuwa sanduku. Kwa kuwa omo na tezi zimechongoka, chukua robo tatu yake, kama lita 290. Anayekuandikia lita 380 kwa vipimo hivyo amepiga hesabu ya sanduku, na huenda uzito wa kubeba nao ameukadiria hivyohivyo. Uzito ulioandikwa ni ule ambao ubao bado unaelea nao, na kuelea si kwenda. Chukua theluthi mbili: ukiandikwa kilo 150, panga kilo 100 kwa kila kitu, yaani wewe, maji ya kunywa, mkoba, na mtoto atakayetaka kukaa mbele.

Tundu la pezi halitazamwi na watu, na ndilo litakalokusumbua miaka miwili baadaye. Bila pezi la katikati ubao huzunguka kama sinia. Mbao nyingi zina mapezi mawili madogo ya mpira yaliyogandishwa, na moja kubwa la kuchomoa. Tafuta mfereji wa kawaida, mrefu, ambao pezi hushikwa kwa skrubu na kibati. Mapezi ya mfereji huo hutengenezwa na watu wengi, ukivunja moja unapata jingine. Mfumo wa kusukuma na kufunga kwa kabari ya plastiki nao unafaa, mradi kabari uifunge kwa uzi, kwa sababu ikidondoka mchangani huioni tena. Mfumo uliobuniwa na kampuni moja tu uuepuke: kampuni ikifunga duka, ubao umekwisha. Pezi hukaa nyuma, ncha yake ikilala kuelekea tezi. Na kwa kuwa lina kimo cha sentimita 20 hivi, shuka maji yakiwa bado ya magotini. Pezi likigota chini, ubao husimama na wewe unaendelea na safari.

Kafi la kifurushi huwa la alumini, zito, kilo 1 na ushei. Litumie kuanzia, lakini ndilo la kwanza kubadilisha. Mtu hupiga kafi karibu mara 30 kwa dakika, yaani mara 1,800 kwa saa. Kafi la nyuzi za kioo likipungua gramu 300 tu, mabega yameepuka kunyanyua kilo 540 katika saa hiyo. Urefu wa kafi ni urefu wako ukijumlisha sentimita 20 hivi. Bapa lake limeinama kidogo kutoka kwenye mpini, na mwinamo huo uelekee mbele, kwenye omo. Karibu kila anayeanza hulishika kinyume, kwa sababu kinyume chake hufanana na koleo la kuzoa mchanga.

Usalama nitaueleza kwa ukali kidogo. Kamba ya mguuni ni ya maji yaliyotulia na ya baharini. Kwenye mto unaokwenda kasi usiifunge kifundoni kamwe: ikinasa kwenye tawi, mkondo unakulaza chini ya maji na mkono haufiki mguuni. Huko hutumika mkanda wa kiunoni unaofunguka kwa kuvuta mara moja. Jaketi la kuokolea livaliwe. Likifungwa kwenye ubao halimsaidii aliyeanguka. Na upepo unaovuma kutoka nchi kavu kwenda majini ndio wa kuogopwa, kwa sababu ufukweni maji hukaa shwari na kukushawishi. Ubao wa kilo 9 ulioinuka juu ya maji huchukuliwa kama jani. Anza safari kwa kwenda joshini, yaani upande upepo unakotoka, ili ukichoka upepo ukurudishe. Ukizidiwa, piga magoti au lala kifudifudi na upige maji kwa mikono, mwili wako usiwe tanga.

Ubao ukifika, upime kabla muda wa kuurudisha haujapita. Uujaze kivulini mpaka kiwango kilichoandikwa, andika namba, uuache saa 24, kisha upime tena saa ileile ili joto lifanane. Ukipungua psi 1 usishtuke, maana kila unapochomeka mpira wa pampu hewa kidogo huingia humo. Ukipungua zaidi ya 2, chukua maji ya sabuni na brashi. Pakaa kwenye vali, kwenye utepe wa kando, kuzunguka pete za chuma na mpini wa kubebea. Penye povu linalokua ndipo panapovuja. Mara nyingi ni vali iliyolegea: toa upepo, shika sehemu yake ya nyuma kupitia kitambaa, kaza kwa ule ufunguo wa plastiki wenye meno ambao watu huutupa wakidhani ni takataka ya kifurushi. Kama imekazika na bado inavuja, kuna mchanga kwenye mpira wake. Bonyeza pini mara kadhaa hewa iupulize utoke. Kumbuka pia kwamba pini ikiwa juu, vali imefungwa. Ikiwa chini, iko wazi. Ukichomoa mpira pini ikiwa chini, jasho la dakika 10 linatoka kwa mlio mmoja.

Kisha chuchumaa nyuma ya ubao na upitishe jicho kutoka tezi hadi omo. Kama umejipinda kama pangaboi, urudishe. Hakuna kunyoosha.

Jua nalo ni adui. Ubao wenye psi 15 kwa nyuzijoto 25, hewa ya ndani ikipanda hadi 55, unafika psi 18 hivi, na gundi wakati huo imelainika. Ukipumzika ufukweni uuweke kivulini, au uache majini, au utoe upepo kidogo. Kinyume chake nacho ni kweli: ukiujaza juani kisha ukauingiza kwenye maji baridi, presha hushuka, kwa hiyo pima tena baada ya dakika chache. Jioni usuuze kwa maji yasiyo na chumvi, uukaushe, na uukunje kuanzia upande usio na vali ili hewa iwe na pa kutokea.

Tundu likitokea, kiraka na gundi viwe vya PVC. Vifaa vya kuzibia tairi la baiskeli havishiki. Kata kiraka cha mviringo, kwa sababu kona hubanduka, kizidi tundu kwa sentimita 4 kila upande. Safisha kwa spiriti, pakaa gundi nyembamba mara mbili pande zote, gandamiza, na usijaze upepo kabla ya saa 24.

Kununua uliotumika ni njia nzuri ya kupata ubao wa sentimita 15 kwa bei ya ule wa 10. Mwombe mwenyewe aujaze asubuhi, wewe uende jioni. Kiraka nadhifu kisikutishe. Gundi iliyogeuka rangi ya njano si ugonjwa, mradi utepe haujabanduka. Lakini ukiona uvimbe juu ya ubao, kama kiganja kilichofura, ujue nyuzi za ndani zimekatika hapo, na uvimbe huo utazidi kukua kila unapojazwa. Hauzibiki kwa kiraka. Mwachie mwenyewe.