Fundi, kamera yangu mpya inashindwa na simu: nimeuziwa feki?

SWALI: Kaka fundi, habari za kazi. Niko hapa Ujiji, ndiyo naanza kujitafutia riziki kwa kupiga picha. Nimenunua dukani kamera ndogo ya dijitali kwa laki mbili kasoro. Imeandikwa megapikseli 20, zumu mara 8, inatumia betri mbili za AA. Kwenye pete ya lenzi kuna namba 1:3.2–6.9, sijui maana yake. Mchana pale mwaloni Kibirizi picha zinatoka safi, hata wavuvi wamenisifia. Lakini Jumamosi nilipiga harusi ukumbini. Nilikaa nyuma nisiwazibe watu, nikavuta zumu hadi mwisho. Picha zote chenga, nyingine zimevutika kama moshi, na bibi harusi gauni linaonekana la kijivu, uso giza. Dada yangu alipiga kwa simu, zake nzuri kuliko zangu. Betri zilikufa baada ya picha thelathini hivi, nikatuma mtoto dukani mara mbili. Halafu memori kadi ya GB 64 niliyonunua hapohapo: nilirekodi kwaya ya kina mama karibu yote, picha zilizofuata zinaonyesha kijivu, hazifunguki. Nimeuziwa kamera feki? Nikiirudisha niseme nini?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Salama, mdogo wangu. Kamera si feki. Ninayoishuku ni kadi, na betri nazo ni za kuwekwa kwenye tochi. Kwa hiyo kabla hujaenda kugombana dukani, tenganisha mashtaka yako. Ukiyapeleka yote kwa mkupuo, muuzaji atakupigia picha moja nzuri hapo mlangoni juani, kesi iishe.

Tuanze na chenga, maana ndizo zilizokuaibisha mbele ya dada yako.

Nyuma ya lenzi kuna kipande kinachopokea mwanga. Sisi mafundi tunakiita sensa, na si ile ya watu na makazi. Kwenye kamera za daraja la yako, sensa kwa kawaida ina upana wa milimita 6 na kimo cha milimita 4.6 hivi. Punje ya mhindi inaifunika. Zile kamera za kubadilisha lenzi wanazotembea nazo wapiga picha wa harusi, hata za bei ya chini, nyingi sensa yake ni kama milimita 22 kwa 15. Piga hesabu mwenyewe: eneo la ile linameza la kwako karibu mara kumi na mbili. Sasa kwenye hiyo punje ya mhindi wametandaza vijisehemu milioni 20 vya kupokea mwanga. Mchana Kibirizi mwanga ni mwingi, kila kimoja kinashiba. Ukumbini kila kimoja kinapata tone, na kamera haina budi kulikuza hilo tone. Ni kama redio unapotafuta stesheni ya mbali usiku: ukipandisha sauti, mikwaruzo nayo inapanda. Huko kupandisha ndiko kunakoandikwa ISO, na mikwaruzo yake ndiyo hizo chenga.

Megapikseli 20 si uongo, ila hazikukuangusha wala zisingekuokoa. Picha ya albamu, inchi 4 kwa 6, ikichapwa vizuri inahitaji megapikseli 2 na ushei. A4 inatosheka na 9. Ukiona kamera isiyo na jina la maana imeandikwa 48 kwa bei ya kutupa, hiyo ndiyo ya kukimbia. Mara nyingi ndani mna sensa ya megapikseli chache tu, na programu inajazia zilizobaki ili namba ya kwenye boksi itimie. Lenzi yake haitoki nje, na zumu yake ni ya kukata picha na kuivuta. Ya kwako lenzi inatoka, na ina namba kwenye pete. Haimo katika kundi hilo.

Hizo namba sasa, ndipo palipo na kesi yako. Ya kwanza, 3.2, inaeleza ukubwa wa tundu la kupitisha mwanga zumu ikiwa imerudi ndani. Ya pili, 6.9, ni zumu ikiwa imevutwa hadi mwisho. Namba ikikua tundu linabana. Kutoka 3.2 hadi 6.9 mwanga unaoingia unapungua zaidi ya mara nne. Kwa maneno mengine, ulikaa nyuma kwa adabu zako, ukavuta zumu, na kamera ambayo tayari ilikuwa na njaa ukainyang'anya robo tatu ya chakula. Ikabidi iache shata, kile kifuniko kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga, wazi muda mrefu. Na zumu inapovuta bibi harusi inavuta pia mtikisiko wa mkono wako, kwa kiwango kilekile. Kwa lenzi kama hiyo, bila stendi, zumu ikiwa mwisho unahitaji shata ya kama sekunde 1/200 ili mkono usionekane. Mle ndani, kwa taa zile za rangi, sidhani kama ilikuwa inafika hata 1/15. Baadhi ya kamera hizi zina kinga ya mtikisiko ndani ya lenzi, na inasaidia kwa mkono wako. Kwa mtu anayecheza haisaidii lolote. Ndiyo maana wamevutika kama moshi.

Utasema, mbona flashi iliwaka? Iliwaka, ndiyo. Fungua kijitabu cha maelezo utafute umbali wa flashi: kwa kamera ndogo huwa mita 3 hivi, na zumu ikivutwa unapungua. Mwanga wa flashi haupungui taratibu kama watu wanavyodhani. Umbali ukizidi mara mbili, unabaki robo. Wewe ulikuwa mita nane hivi kutoka jukwaani? Basi aliyekuwa jukwaani alipata kama sehemu moja ya saba ya kile angepata akiwa mita tatu. Waliopata flashi yako ni visogo vya meza ya mbele.

Simu ya dada yako haina uchawi, wala yeye hakukuzidi kipaji. Simu nyingi za miaka hii zina lenzi ya 1.8 au karibu na hapo, inayopitisha mwanga mara tatu kuliko 3.2 yako, tuache ile 6.9. Halafu ukibonyeza mara moja tu, simu inapiga picha kadhaa za harakaharaka, inazipanga moja juu ya nyingine na kufuta mikwaruzo kwa hesabu. Kamera yako inapiga moja na kukukabidhi. Wateja wengi wanaonijia na kamera za bei hii wananung'unika hivyohivyo, na wote wamepigia ukumbini. Sijaletewa hata mmoja anayelalamikia picha za mchana.

Kwa hiyo harusi ijayo, ukiipata, rudisha zumu ndani kabisa na utembee. Sogea mita mbili, tatu. Watu watakusamehe kuwazibia sekunde mbili. Picha mbaya ndiyo hawatakusamehe. Zungumza na MC mapema, wakati wa kukata keki awashe taa kubwa za ukumbi. Weka ISO isizidi 400 ukiwa na flashi, kiwiko kiegemee mbavu, bonyeza kitufe nusu usubiri kiboksi cha kijani, ndipo umalizie.

Na lile gauni la kijivu: kamera haijui gauni ni nini. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa bibi harusi, ambao ni mweusi kuliko gauni, unazama. Tafuta alama ya kujumlisha na kutoa, +/−, upandishe hadi +0.7 au +1. Kwa bwana harusi mwenye suti nyeusi akijaza picha peke yake, rudisha sifuri au shuka kidogo. Hili ni jambo dogo, ila sisi wenye ngozi nyeusi tukilizembea tunawapa wateja picha za meno na gauni.

Jioni ufukweni ni tatizo hilohilo. Kwetu Kigoma jua linazamia ziwani, upande wa milima ya Kongo, na kila mteja anataka kusimama na ziwa nyuma yake. Ilazimishe flashi iwake hata kama jua bado lipo, simama mita moja na nusu hadi mbili. Uso utatoka na machweo yatabaki.

Kabla ya yote hayo, lakini, tazama kioo cha lenzi. Kuna mama mmoja muuza vitenge hapa mtaa wa Mwanga, Kigoma, aliniletea kamera ya aina hiihii, akaapa imekufa: kila picha ina ukungu, na taa zina mikia. Nilipoielekeza kwenye mwanga wa mlango nikaona alama ya kidole gumba, mistari yake yote unaihesabu, rangi ya machungwa kwa mbali. Mawese. Alikuwa amekula ugali na migebuka, akafungua kamera kupiga picha wajukuu. Nilipumulia kioo, nikafuta kwa kitambaa laini cha miwani kwa kuzungusha kutoka katikati, ikawa mpya. Nilimtoza chai ya rangi.

Betri sasa, hapa sitachelewa. Uliponunua dukani walikupa zile za bei rahisi, nyingi zimeandikwa "Heavy Duty", yaani za kazi nzito, jina linalodanganya kuliko yote niyajuayo. Ni za saa ya ukutani na redio. Kamera inapochaji flashi na kusukuma lenzi inavuta umeme mwingi kwa ghafla, volti inaporomoka, kamera inajizima ikidhani betri imekwisha. Usizitupe, zitie kwenye redio zitaimba wiki nzima. Nunua za kuchaji, zilizoandikwa NiMH na mAh 2000 au zaidi, nne, mbili kwenye kamera na mbili mfukoni. Usishtuke zikiandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, zenyewe hazilegei zinapovutwa. Angalia pia kwenye menyu, baadhi ya kamera zina mahali pa kuchagua aina ya betri. Ukiacha mpangilio wa alkalaini huku umeweka za kuchaji, itakuambia zimekwisha wakati bado zina nguvu.

Kadi ndiyo ya kurudisha. Kwanza hakikisha kijitabu kinasema kamera inakubali SDXC, maana kadi za zaidi ya GB 32 ni za kundi hilo, na kamera za zamani huishia SDHC. Lakini yako iliisoma na ikarekodi, kwa hiyo nashuku jambo lingine. Kuna kadi za kughushi ambazo ndani zina GB 8, zimefundishwa kujitangaza kuwa 64. Zinapokea kila unachozipa bila kulalamika, na nafasi ya kweli ikijaa, kinachofuata kinaandikwa hewani au kinaandikwa juu ya cha mwanzo. Picha ya megapikseli 20 huwa MB 5 hadi 8. GB 8 zingekubeba picha elfu moja na zaidi, ila video ya kwaya nzima inazila kwa saa moja au mbili. Kijivu chako kilianza baada ya kwaya. Inaingia akilini.

Ushahidi usiwe wa maneno. Kwa mwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw: inajaza nafasi yote iliyo wazi kwenye kadi kisha inasoma ilichoandika na kukutajia nafasi ya kweli. Piga picha matokeo kwenye skrini, nenda na kadi, risiti na pakiti yake. Hapo muuzaji hana pa kukutolea juani. Kamera yenyewe baki nayo. Picha za pasipoti karibu na mlango wenye kivuli, ubatizo wa asubuhi, mahafali uwanjani, itakulisha. Harusi ya usiku usiichukue peke yako hadi uazime au upate ya sensa kubwa, hata iliyotumika, yenye lenzi ya milimita 50 ya 1.8.

Ila kadi usiifanyie jaribio hilo la H2testw kabla ya kutoa vilivyomo, kwa kuwa kwenye kadi ya kughushi linaweza kuandika juu yake. Toa kadi kwenye kamera leo, usipige nayo tena, usifomati hata kamera ikikuomba, nakili kila kinachofunguka kwenye kompyuta. Mwanzo wa video ya kina mama huenda upo. Picha za kijivu zilizokuja baada ya hapo hazikuwahi kuingia popote, kwa hiyo usimlipe mtu anayekuambia atazirudisha. Nenda kamwombe dada yako za simu, uwapelekee wenye harusi hizo.