Kila mtu awe na akaunti yake kwenye seva

Mkuu nimekuelewa, wafanyakazi sita wote wanaingia kwenye seva ya duka kwa paswedi moja ya Administrator (akaunti kuu yenye mamlaka yote), sasa invoisi zimefutwa na hujui nani kafuta. Pole sana.

Leo hii badilisha hiyo paswedi ibaki kwako tu. Halafu mfungulie kila mtu akaunti yake, muweke kwenye grupu la Remote Desktop Users (watu wa kawaida wanaoruhusiwa kuingia kwenye seva kwa mbali), siyo Administrators, na ndani ya programu ya mahesabu nako kila mmoja awe na jina lake maana nani kafuta invoisi utaiona humo. Keshia auze na kuprinti risiti basi, kufuta amwachie mhasibu. Sisi kijana aliacha kazi Ijumaa, Jumatatu tukakuta bei za saruji zimebadilishwa, akaunti yake hatukuifunga! Mtu akiondoka funga siku hiyohiyo.

Angalizo, Windows Server bila leseni za RDS (Remote Desktop Services, huduma ya watu wengi kuingia kwenye seva kwa mbali) inaruhusu watu wawili tu kwa mpigo, tena kwa kazi za usimamizi, kwa hiyo hao sita wanunulie leseni. Na poti 3389 (mlango unaotumiwa na Remote Desktop) kama iko wazi kwenye intaneti hapo tafuta fundi wa netiweki akuwekee VPN (njia salama ya kuingia kwenye netiweki yako kupitia intaneti), usibahatishe. Kabla hujagusa chochote chukua bekapu.