Kale kaboksi ka "gharama za kisheria" kwenye bima ya gari

SWALI: Mshauri habari za kazi. Bima ya gari langu inaisha mwezi huu, sasa nimetumiwa karatasi ya kurinyuu nikakuta chini kabisa kuna kaboksi "gharama za kisheria" na kametikiwa tayari, mimi sijagusa. Nina bima kubwa, si ile ya thadi pati, sasa hii ya nini tena? Si kampuni ndo inanitetea nikishtakiwa? Au wameamua kunikamua tu?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kwenye kushtakiwa uko sahihi, ukimgonga mtu akaja kudai, anayepambana naye ni bima yako ya kawaida. Hii nyingine inafanya kazi upande wa pili, pale wewe ndo umegongwa na kosa si lako.

Chukulia umesimama kwenye taa, mtu anakuja nyuma anakubamiza. Bima kubwa itatengeneza gari, sawa, lakini inabaki ile ekses, yaani sehemu ya gharama ambayo bima hailipi, uliyotoa mfukoni, siku ulizokosa kazi, nauli za kuhangaika gari likiwa gereji, na kama shingo imeumia kuna fidia ya maumivu yenyewe. Hayo kwa kawaida unamfuata aliyekugonga au bima yake, na wao hawatoi hela kwa kuombwa vizuri. Hapo anaingia wakili, na wakili huyo, ripoti za wataalamu na gharama za mahakama ndo vinalipwa na kale kaboksi, mpaka kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba.

Ila kuna mitego. Mikataba mingi inataka uwezekano wa kushinda uwe zaidi ya nusu, asilimia 51 kwenda juu, chini ya hapo hawaanzi hata barua.

Mimi yalinikuta. Jamaa kaniparamia bampa ya nyuma, pale pale barabarani samahani nyingi, mikono kifuani, kesho yake anasema mimi ndo nilirudi rivasi! Picha sina, shahidi sina, namba ya gari lake nimeiandika kiganjani kwa peni na jasho limeshafuta tarakimu moja. Kwa hasira nikaenda kwa wakili ninayemjua, nikamlipa, ndo nikawapigia bima. Wakaniambia risiti hiyo ni yako mwenyewe, ulitakiwa utuambie kwanza tukubali. Kwenda kusoma, kweli imeandikwa, herufi kama sisimizi.

Na wakili mara nyingi wanakuchagulia wao. Umoja wa Ulaya sheria ya mwaka 1987 ilimpa mwenye bima haki ya kujichagulia wakili kesi ikishafika mahakamani, na haki hiyo bado ipo, kwingine soma mkataba wako. Halafu wakili hata awe simba, aliyekugonga kama hana bima wala mali, utashinda kesi ubaki na karatasi.

Kabla hujaamua, angalia kama huna tayari kinga kama hiyo kwenye bima ya nyumba au chama cha wafanyakazi, watu wanalipia mara mbili bila kujua. Kama huna, ekses yako ni kubwa na kazi yako ni ya usipoenda hulipwi, mimi ningeiacha tiki ikae. Ila kukutikia bila kukuuliza ni ujanja wa kihuni, na una haki ya kuwaambia waitoe.

SWALI: Na faini ya spidi je, watanilipia?

JIBU: Faini hapana, hiyo utalipa mwenyewe. Baadhi ya mikataba inalipia wakili wa kukutetea kwenye kesi ya trafiki, lakini ukikutwa umelewa usitegemee. Na ajali iliyotokea jana huwezi kuikatia kinga leo, maana najua swali hilo ndo lilikuwa linafuata.