Tuisheni ya Kiingereza kwa viza ya E-2, Korea Kusini

Tuisheni binafsi ya Kiingereza ukiwa na E-2 (viza ya walimu wa lugha wa kigeni) hairuhusiwi, hata mwajiri wako akikubali. E-2 imefungamanishwa na mwajiri aliyesajiliwa Uhamiaji. Unaweza kuomba idhini ya kufundisha mahali pa pili ukiwa na barua ya mwajiri wa kwanza, lakini hapo pa pili lazima pawe taasisi, si mwanafunzi mmoja sebuleni kwao. Wengi huponzwa na barua hiyo, wakidhani inatosha kwa kila kazi. Kulipwa taslimu nako hakukuokoi: ukikamatwa ni faini, na unaweza kufukuzwa nchini.

Wenye viza ya F-2 (ukaazi), F-5 (ukaazi wa kudumu) au F-6 (ndoa na Mkorea) wanaweza kutoa tuisheni binafsi, ila kwanza wajiandikishe kama walimu binafsi kwenye ofisi ya elimu ya eneo lao (siyo Uhamiaji, hapo watu huchanganya). Mwisho ni wanafunzi 9 kwa wakati mmoja, na somo lifanyike nyumbani kwa mwalimu au kwa mwanafunzi. Ukikodi chumba cha biashara, hiyo si tuisheni binafsi tena bali kituo cha masomo ya ziada (kama hagwon), chenye usajili wake mwingine kabisa. Mapato hutangazwa kwa ajili ya kodi kila Mei.