Vanuatu na kura yake moja

Umeuliza Vanuatu, nchi ya visiwa katika Pasifiki yenye watu laki tatu hivi, inapata nini kwa kukaa kwenye vikao vya kimataifa visivyoisha. Inapata sauti ambayo peke yake isingekuwa nayo. Angalia suala la tabianchi. Wazo lilianza 2019 kwa wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini: kwa nini tusiiulize Mahakama ya Kimataifa ya Haki mataifa yana wajibu gani? Serikali ikalibeba, ikaanza na majirani wa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki, kisha ikabisha hodi mlango kwa mlango hadi nchi zaidi ya 130 zikaunga mkono. Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha, bila kupigiwa kura, azimio la kuiuliza mahakama hiyo swali hilo. Julai 2025 majaji wote 15 wakakubaliana kwamba kulinda tabianchi ni wajibu wa kisheria.

Ni kweli, maoni yale ya majaji ni ya ushauri, hayamfungi mtu kama hukumu. Lakini mawakili watayanukuu mahakamani kwa miaka mingi. Vanuatu haina hata jeshi la kujitegemea. Ingeyapata kwa njia gani nyingine?