Kwale wa Rubeho na kwale wa Udzungwa: ndege mmoja au wawili?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo kwenye kamati ya maliasili ya kijiji, wilayani Mpwapwa. Kwale wa msituni wa huku Rubeho na yule wa Udzungwa ni ndege mmoja? Na nikimkuta mtegoni, nitamtofautishaje na kwale wa mashambani?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Wa Udzungwa alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1991, watafiti walipoona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya mboga kambini. Wa kwenu alionekana mwaka 2000 katika msitu wa Mafwemiro. Kwanza aliandikwa kama jamii ndogo ya yule wa Udzungwa, kisha mwaka 2005 watafiti Bowie na Fjeldså walilinganisha vinasaba na maumbo, wakamtenga kuwa spishi kamili, kwa jina la kisayansi *Xenoperdix obscuratus*. Orodha nyingine za ndege bado zinawahesabu kuwa spishi moja.

Mimi nasimama na wanaosema ni wawili. Kati ya milima ya Rubeho na ya Udzungwa kuna bonde la Ruaha Mkuu, lenye joto na ukame, na ndege hawa hawaachi kivuli cha msitu wa mlimani. Akiisha wa Rubeho, yule wa Udzungwa hatavuka bonde kuja kuziba pengo. Ndiyo maana hifadhi ya Udzungwa, hata ikisimamiwa vizuri namna gani, haimwokoi wa kwenu.

Kwa macho wanafanana mno: uso wa rangi ya kutu, mgongo wenye michirizi, mdomo mwekundu. Wa Rubeho ni mdogo zaidi, lakini huwezi kuliona hilo bila kuwaweka pamoja, kwa hiyo mahali ulipomkuta ndipo panapokupa jibu.

Kumtenga na kwale wa mashambani ni rahisi zaidi. Tazama miguu: wa msituni ana miguu ya njano, ilhali kwale wengi wa pembezoni mwa msitu wana miguu myekundu. Asili yao pia ni tofauti, maana ndugu wa karibu wa hawa wawili wako kwenye misitu ya Asia.

Huchakura majani makavu chini wakitafuta wadudu na mbegu, ndiyo maana vitanzi vya kamba vinawamaliza. Ukimkuta hai, mpige picha miguu na uso, andika jina la msitu, mwachie palepale, kisha ng'oeni vitanzi vyote vya njia hiyo, si kile kimoja tu.