Dawa ya maumivu kwa mtoto aliyeumia: maswali yenu

*Mwanangu wa miaka minane kaanguka, kifundo cha mguu kimevimba. Paracetamol au ibuprofeni?*

Naanza na ibuprofeni. Mwaka 2007 madaktari wa hospitali ya watoto ya Ottawa, Kanada, walichapisha matokeo ya watoto 300 walioletwa dharura wakiwa wameumia mifupa au misuli. Wengine walipewa ibuprofeni, wengine paracetamol, wengine kodeini, dawa kali zaidi ya maumivu. Baada ya saa moja, wa ibuprofeni ndio waliopata nafuu zaidi. Ila asipewe mtoto wa chini ya miezi mitatu, aliyepungukiwa maji kwa kuharisha, mwenye shida ya figo, wala anayeshukiwa kuwa na dengi. Hao wape paracetamol. Na mguu ukipinda au asipoweza kuukanyagia, mpe dozi kisha mpeleke hospitali.

*Napima kwa kijiko cha chai. Kuna ubaya?*

Upo, tena mkubwa, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani. Dozi hufuata kilo za mtoto: paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo, ibuprofeni 10. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180 za paracetamol. Chupa ikiandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, vuta mililita 7.5 kwa bomba lisilo na sindano. Ikiandikwa 250 kwa 5, ni mililita 3.6 tu. Kwa hiyo soma chupa kila unaponunua mpya, hata kama rangi ni ileile. Paracetamol isizidi mara nne kwa siku, ibuprofeni mara tatu.

*Kavunjika mkono, mbona wamemnyima kodeini?*

Wamefanya vizuri. Mwili huigeuza kodeini kuwa mofini, na wapo watoto wanaoigeuza haraka mno hadi pumzi inakatika. Wengine wamefariki. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuwa walio chini ya miaka 12 wasipewe. Kwa maumivu makali, hospitalini zipo dawa nyingine kali: mofini yenyewe kwa kipimo, ketamini, au fentanili ya kupuliziwa puani, isiyohitaji kumchoma mtoto.

*Tumbo linamuuma sana, nesi anasema asipewe dawa mpaka daktari amwone.*

Hofu ya kwamba dawa itaficha kidole tumbo ni ya zamani, na utafiti haukuiunga mkono. Mtoto aliyetulia hukubali kuguswa tumbo, na daktari humpima vizuri zaidi. Omba kwa upole lakini usichoke: "Naomba apimwe kilo, apewe dawa ya maumivu sasa."